Kuondoa anemoni vamizi katika tangi la matumbawe

Kosa ambalo wafugaji wengi wa matumbawe hulifanya mwanzoni, nami nililifanya, ni kuikwangua anemoni vamizi, yaani mnyama laini wa baharini mwenye minyiri, kwa kisu. Niliikwangua moja tu, iliyoota kando ya zoanthidi zangu, jamaa wadogo wa matumbawe, nikaridhika. Baada ya wiki tatu nilihesabu kumi na moja mahali palepale. Kipande cha nyama ya kitako chake, sehemu inayoshika mwamba, hata kikiwa kidogo mno kuonekana vizuri kwa macho, huweza kukua na kuwa anemoni kamili. Kwa hiyo kila hatua ninayoieleza hapa inalenga kitako, wala si minyiri inayopunga juu ya mwamba.

Hatua ya kwanza: itambue kabla ya kuigusa

Wavamizi wakuu ni wawili. Aiptasia ana shina refu la rangi ya kahawia inayopenya mwanga, na minyiri myembamba iliyochongoka. Ukimsogelea hujivuta shimoni kwa kufumba na kufumbua. Wa pili ni Anemonia manjano, jina ambalo Mswahili hahitaji kufasiriwa. Msweden Oskar Carlgren ndiye aliyelitoa mwaka 1900, katika andiko lake kuhusu anemoni za Afrika Mashariki zilizokusanywa na Franz Stuhlmann mwaka 1888 na 1889. Huyu ni mfupi, minyiri yake ina ncha za mviringo zilizovimba kidogo, na kwa kuwa anapendeza, wapo wanaomwacha akae wakidhani ni zawadi. Wote wawili huchoma matumbawe jirani kwa seli zao za sumu mpaka yanyauke, kisha wanatwaa nafasi. Ni muhimu kuwatofautisha kwa sababu wanyama wengi wanaokula aiptasia hawamgusi manjano.

Hatua ya pili: punguza chakula

Anemoni hizi hujilisha kwa mwanga kupitia mwani ulio ndani ya miili yao, lakini pia hudaka kila punje inayopita. Tangi linalolishwa kupita kiasi huzizalisha haraka kuliko utakavyoziua. Wape samaki kile wanachokimaliza mara moja, na ufyonze mabaki yaliyotuama nyuma ya miamba.

Hatua ya tatu: ondoa mahali ilipoota

Ikiwa mvamizi yuko kwenye kibao kidogo cha kupandia tumbawe, litenganishe tumbawe kwa uangalifu, ukitupe kibao, ulipande tumbawe upya. Ikiwa yuko ukingoni mwa mwamba unaotoka, utoe nje ya tangi na umegue kipande chote kwa patasi, umbali wa vidole viwili kutoka kwenye kitako. Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, kwa kuwa haiachi nyama nyuma.

Usiuchemshe kamwe mwamba wenye zoanthidi au palithoa, ambazo ni jamii mojawapo ya zoanthidi. Baadhi yake hubeba palitoksini, sumu kali ambayo wanasayansi wa Hawaii waliitenga mwaka 1971, na mvuke wa mwamba kama huo unaweza kuipeleka nyumba nzima hospitalini. Hata unapozikata tu, vaa glavu na miwani.

Hatua ya nne: tumia chokaa

Kwa walio kwenye mwamba usiotoka, ninatumia chokaa iliyozimwa, ile safi ya kiwango cha chakula, si ya kupakia ukuta. Koroga unga na maji kidogo yaliyochujwa mpaka upate uji mzito unaoweza kupita kwenye bomba la sindano lenye ncha butu. Huunguza ngozi na macho, kwa hiyo glavu na miwani vinahitajika tena hapa.

Zima pampu zote na usubiri maji yatulie. Shusha ncha polepole kutoka juu, bila kuitia anemoni kivuli cha mkono, na udondoshe tone moja katikati, penye mdomo. Mara nyingi hulipokea kama chakula: minyiri inakunjwa kuelekea ndani, mdomo unalimeza, na kwa sekunde chache bado haijajivuta. Hapo ndipo umimine uji uliobaki mpaka uifunike yote na kuziba shimo lake. Ngoja nusu saa, fyonza uji uliobaki juu ya mwamba usije ukaangukia matumbawe, ndipo uwashe pampu. Chokaa hupandisha pH, kipimo cha asidi na alkali ya maji, na kwa sababu hiyo katika tangi langu la lita 250 sitibu zaidi ya tano kwa siku, hata pale ninapoona nyingine ishirini zikinitazama.

Usitumie chokaa ikiwa kitako kimejificha katikati ya kundi la matumbawe. Hapo ni kazi ya wanyama.

Hatua ya tano: walaji

Kwa aiptasia, konokono asiye na kombe aitwaye Berghia stephanieae ndiye bora, kwa sababu hali kitu kingine chochote. Hutoka usiku, huingia penye nyufa ambazo sindano haifiki, na huchukua miezi. Aiptasia wakiisha naye hufa njaa, basi mpe mfugaji mwingine mapema. Usimchanganye na kamba wa jenasi Lysmata, ambao nao hula aiptasia, kwani watamla. Unaponunua kamba hao kagua mgongo: mwenye nundu na macho makubwa ni Rhynchocinetes, naye hula matumbawe. Kitatange mwenye mdomo mrefu, Chelmon rostratus, husifiwa sana, lakini wengi hukataa chakula cha tangini na kufa, nami simpendekezi kwa mtu anayeanza.

Kwa manjano, rudi kwenye patasi na chokaa.

Hatua ya sita: kagua usiku

Kila wiki, saa mbili baada ya taa kuzimwa, pita na tochi. Anza kwenye mkondo wa maji yanayoshuka tangi la chini, lile la kusafishia maji, kisha ndani ya tangi hilo lenyewe, nyuma ya pampu na chini ya mabomba, ambako aiptasia huzaliana bila kuonekana na kurudishwa juu na maji. Tumbawe jipya likae peke yake kwa wiki nne hadi sita, nawe ulikague upande wa chini kwa tochi hiyohiyo kabla ya kulihamisha.