Kuchagua Bastola ya Milimita 10 kwa Safari za Nchi ya Dubu

Anayekwenda kuvua samoni katika mito ya Alaska huwakuta dubu wakiwafuata samaki wale wale, na ndiyo maana wakazi wengi wa huko hubeba silaha yenye nguvu kuliko bastola ya milimita 9 iliyozoeleka mijini. Kwa anayependelea bastola nusu otomatiki, risasi ya milimita 10 ndiyo inayotajwa mara nyingi. Nguvu inayo ya kutosha. Kinachomsumbua mnunuzi makini ni kama bastola hiyo haitakwama siku atakapoihitaji.

Anza kwa kuchagua risasi, kisha uitafutie bastola. Risasi hii ilitoka mwaka 1983 pamoja na bastola ya Bren Ten. Baada ya mapambano ya risasi kati ya maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, na majambazi huko Miami mwaka 1986, shirika hilo liliichukua, ikaona teke lake ni kali mno kwa maofisa wengi, ikatumia toleo lililopunguzwa nguvu, na kutokana na toleo hilo ikazaliwa risasi ya .40 S&W mwaka 1990. Athari yake ingali madukani: boksi moja lina kichwa cha gramu 11.7 kinachokwenda takriban mita 315 kwa sekunde, yaani jouli 580 hivi, na boksi la jirani lina kichwa cha gramu 13 kinachokaribia mita 365 na kuzidi jouli 850, ingawa yote mawili yameandikwa milimita 10. Soma kasi na uzito, usisome jina peke yake. Kwa dubu, wenye uzoefu huchagua kichwa cha risasi kigumu kisichopanuka, kwa sababu kinapaswa kupenya misuli minene na mifupa.

Bastola inayojulikana zaidi katika daraja hili ni Glock 20, yenye magazini (kisanduku cha kupakilia) ya risasi 15. Kikosi cha Sirius cha Denmark, kinachofanya doria kwa mbwa na sleji kaskazini mashariki mwa Greenland, huibeba kwa ajili ya dubu weupe, na kwangu ushahidi huo una uzito kuliko tangazo lolote. Kasoro yake ni mpini mnene. Mwenye kiganja kidogo aishike dukani kwanza, ahakikishe kidole kinafika kwenye kifyatulio bila kuzungusha mkono. Colt Delta Elite, yenye umbo la 1911, bastola ya zamani ya jeshi la Marekani, ni nyembamba na kifyatulio chake ni laini, lakini inabeba risasi chache. Desert Eagle, ambayo hata haitumii risasi ya milimita 10, niiache kwa wapenzi wa sinema: ina uzito wa karibu kilo 2, na kwa kuwa huendeshwa kwa gesi, kichwa cha madini ya risasi matupu kisichofunikwa kwa shaba huweza kuziba tundu lake la gesi.

Kukwama mara nyingi hakutokani na mtutu. Huanzia kwenye magazini iliyopinda midomo, springi iliyochoka, au kiwiko na kifundo cha mkono vilivyolegea, kwani slaidi, sehemu ya juu inayorudi nyuma kwa teke la risasi, inahitaji bastola ishikwe imara ili irudi kikamilifu, itupe ganda na kupakia risasi nyingine. Kwa hiyo nunua magazini 3 za kiwanda, uzitie alama, na upige risasi 200 za mazoezi pamoja na 50 za aina utakayobeba safarini. Ikikwama kwa hizo 50, badilisha magazini au risasi, kisha uanze hesabu upya. Ni gharama, naam, lakini bastola ya 1911 ilipigwa risasi 6,000 katika majaribio yake kabla ya jeshi la Marekani kuikubali.

Kuhusu sheria, muuzaji mwenye leseni Marekani humuuzia bastola aliyetimiza miaka 21, baada ya kujaza fomu na kuchunguzwa rekodi zake. Ndugu zetu wanaoishi huko kwa viza ya muda wajue kwamba kwa kawaida hawaruhusiwi kumiliki silaha, isipokuwa kwa masharti maalumu, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji.

Mwisho, chagua mkoba wa bastola unaovaliwa kifuani. Mkanda wa begi la mgongoni hufunika nyonga, na bastola iliyofungwa chini yake haitoki kwa haraka, hasa ukiwa umevaa suruali ndefu ya mpira ya kuvulia samaki.