Ukame katika Bonde la Usangu: Mpunga kwa Maji Machache, na Moto Usiofika Milimani

Mkulima wa mpunga wa Mbarali, wilaya ya mkoa wa Mbeya nchini Tanzania iliyomo katika Bonde la Usangu, anakumbana na ukame wa aina mbili. Wa kwanza ni ule wa mvua za msimu kuchelewa kuanza, au kukatika mapema kabla mpunga haujachanua. Wa pili hutokea hata katika mwaka wenye mvua ya kuridhisha, pale maji yanapobaki yamesimama katika mifereji na majaruba (vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta) ya watu wa juu wakati watu wa chini hawana hata ya kunywesha ng'ombe. Ukame wa kwanza hatuna uwezo nao, ila wa pili uko mikononi mwetu, na ndio ninaouzungumzia hapa.

Mito ya Ruaha Mkuu, Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera hushuka kutoka nyanda za juu za Mbeya, Njombe na Iringa, ikapita katika mashamba ya umwagiliaji kabla ya kuingia ardhi oevu ya Ihefu. Maji hutoka Ihefu kwa kupita juu ya kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Kina cha Ihefu kinaposhuka chini ya mwamba huo, mto hukatika, na kuanzia mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila mwishoni mwa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambako zamani ulitiririka mwaka mzima. Viboko na mamba hubanana katika madimbwi machache yaliyosalia. Mbele zaidi, maji ya mto huo ndiyo yanayotegemewa na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, kwa hiyo banio, yaani lango la kuchepushia maji ya mto kwenda mferejini, linaloachwa wazi Septemba bila kazi lina madhara mbali sana na shamba lenyewe.

Jambo la kwanza la kurekebisha, basi, ni banio. Baada ya mavuno mifereji mingi huendelea kupokea maji kwa miezi kadhaa, na maji hayo huishia kuvukizwa na jua au kuotesha magugu. Jumuiya ya watumia maji ikubaliane tarehe ya kufunga mara mavuno yanapokwisha, iache kiasi kidogo tu cha matumizi ya nyumbani na mifugo pale ambapo hakuna chanzo kingine, na imkabidhi mtu anayejulikana jukumu la kukagua. Kibali cha kutumia maji kinachotolewa na bodi ya maji ya bonde kina kiwango chake, nacho hakimpi mtu haki ya kuchepusha mto wote.

Shambani kwenyewe, njia ninayoiamini kuliko zote ni kilimo shadidi cha mpunga. Miche huhamishwa kutoka kitaluni ikiwa na umri wa siku 8 hadi 12, ikiwa na majani mawili, na hupandikizwa mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25. Wengi wetu tumezoea miche ya wiki tatu na zaidi, minne au mitano katika shimo moja, na huogopa kuiona miche michanga ikiwa imetengana kiasi hicho. Lakini mche mchanga uliopewa nafasi huchipua machipukizi mengi, mizizi yake hushuka chini, na ukipungukiwa maji hustahimili kuliko ule uliolelewa ndani ya kina kirefu. Kitalu nacho huwa kidogo, kwa hiyo mbegu na maji ya kuotesha hupungua.

Msingi wa njia hii ni jaruba lililosawazishwa. Penye miinuko na mabonde mkulima hulazimika kujaza maji mengi ili tu yafike sehemu ya juu, na hapo akiba yote hupotea, kwa hiyo muda unaotumika kupiga haro (kuvunjavunja mabonge ya udongo) na kusawazisha kwa ubao haupotei bure. Miche ikishashika, weka maji ya kina cha sentimita 2 hadi 5, yaache yapungue yenyewe, kisha umwagilie tena. Ili kujua wakati wa kumwagilia, chukua kipande cha bomba chenye urefu wa sentimita 30, kitoboe matundu upande wa chini, kizike nusu yake na uondoe udongo wa ndani. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, fungua mfereji. Usikaushe jaruba wakati mpunga unapobeba mimba na kuchanua, maana kiu ya siku hizo chache hupunguza punje kuliko kiu ya wakati mwingine wowote. Kwenye udongo wa kichanga, ambao haushiki maji, njia hii inahitaji uangalizi wa karibu zaidi. Magugu pia huongezeka jaruba linapokauka, hivyo palizi ya kwanza ifanyike mapema, takriban siku 10 baada ya kupandikiza.

Baada ya mavuno, choroko au dengu vinaweza kupandwa kwenye unyevu uliobaki bila kudai maji ya mfereji. Kurudia mpunga wakati wa kiangazi kwa kuukausha mto, kwa maoni yangu, hakufai kuruhusiwa katika mwaka wa ukame.

Sasa mabua. Kuyachoma kunaonekana kurahisisha kazi, lakini karibu naitrojeni yote iliyomo hupotea hewani. Ni afadhali kuyakusanya kuwa chakula cha mifugo, kuyatandaza kwenye bustani za vitunguu na nyanya, au kuyafukia wiki tatu hadi nne kabla ya kupandikiza ili yaoze kwanza. Kwa wale wanaolima milimani, hatari ni kubwa zaidi. Moto wa kusafishia shamba mwezi Septemba au Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka na upepo ukivuma, hupanda haraka hadi misitu inayolinda chemchemi za mito hiyohiyo. Mlima ukibaki mtupu, mvua ya kwanza huteremka kwa kasi na udongo wake, haizami ardhini, na mto hukosa maji ya kuulisha kiangazi kinachofuata. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uchomaji wa aina hiyo, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Barabara za moto, yaani njia zilizo wazi za kuzuia moto usivuke, zifyekwe mwezi Mei au Juni, majani yakiwa bado na unyevu, na zifagiliwe hadi udongo uonekane. Panapolazimu kabisa kuchoma, serikali ya kijiji na majirani wajulishwe kabla, moto uwashwe asubuhi na mapema au jioni kusipokuwa na upepo, watu wawepo na majembe, matawi mabichi na maji, na asiondoke mtu hadi majivu yapoe. Wenye vinyungu, yaani bustani za kwenye unyevu, mabondeni wabaki na mazao ya muda mfupi, na mikaratusi iliyopandwa kando ya chemchemi iondolewe kidogo kidogo, nafasi yake ichukuliwe na miti ya asili ya eneo hilo.