Fimbo na rili ya flai kwa samaki wakubwa wa Tanga: pesa kidogo iende wapi

Wengi wanaoanza uvuvi wa flai baharini, yaani wa chambo chepesi cha manyoya, humaliza bajeti kwenye fimbo, kisha hununua rili (gurudumu la kuzungushia mshipi) na mshipi kwa chenji iliyobaki. Kwa samaki wa mtoni wa robo kilo hilo halina madhara. Kwa kolekole wa kilo nane nje ya Ras Kazone, breki dhaifu ya rili inampa nafasi ya kufika kwenye matumbawe, na hapo mshipi unakatika. Pesa ikiwa ndogo, igawe hivi: rili kwanza, mshipi wa pili, fimbo ya tatu. Fimbo ya bei ya kati bado itarusha vizuri. Rili mbovu haina dawa.

Kwanza namba. Kwenye mshipi wa mkono, chubwi ndiyo inayobeba chambo. Kwenye flai, chambo ni manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana, hakina uzito wa maana. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito. Ndiyo maana mishipi na fimbo hupewa namba, na namba hiyo inatokana na uzito wa mita 9.14 za mwanzo za mshipi. Namba 8 ni gramu 13.6, namba 10 ni gramu 18.1, namba 12 ni gramu 24.6. Fimbo na mshipi vichukue namba moja.

Kwa anayenunua seti moja tu, namba 10 ndiyo jibu. Namba 8 inatosha changu na kolekole wadogo kwenye maji ya magotini, lakini kusi ikianza kuvuma, anayejifunza hawezi kuipeleka mbali, na chambo kikubwa cha kuiga kibua kinaishinda. Namba 12 ina nguvu zaidi, ila kuirusha asubuhi nzima ni kazi ya bega, na bega likichoka ndipo ndoana inapoanza kukupiga kisogoni. Anayekwenda Mkondo wa Pemba tu, kwa jodari na kolekole wa zaidi ya kilo 15, huyo aanze na 12.

Rili

Usitazame rangi. Tazama mambo matatu: breki, kipenyo na chuma.

Breki ipimwe dukani, na kifaa chake ni mizani ya kuning'iniza, ileile wanayotumia wauza samaki. Funga mshipi wowote kwenye rili, kaza breki hadi mwisho, vuta kwa mizani. Kwa namba 10 breki ifike angalau kilo 4. Kisha ilegeze hadi kilo 2 na uvute polepole. Sindano ya mizani itulie palepale. Ikiruka hadi kilo 3 ndipo rili ianze kuzunguka, halafu ishuke ghafla, breki hiyo inashika kwa mshtuko, na mshtuko huo ndio unaokata mshipi nguru anapoanza kukimbia. Rudia mara kumi. Breki nzuri hufanana mara ya kwanza na ya kumi.

Ndani ya breki kuna sahani za koki au za kaboni. Koki ni laini na ya kuaminika lakini inadai kupakwa mafuta yake na haitaki mchanga. Kwa pwani yetu, ambako rili itarushiwa maji ya chumvi ndani ya ngalawa kila safari, tafuta breki iliyofungwa kabisa, maji yasiingie.

Kipenyo kina hesabu rahisi. Rili yenye sentimita 10 ikiwa imejaa hurudisha kama sentimita 31 kwa kila mzunguko. Yenye sentimita 7 hurudisha 22. Nguru akichukua mita 120, ya kwanza inakudai mizunguko kama 380, ya pili kama 545. Na akigeuka kukufuata chomboni, hiyo ndogo haitawahi kuondoa ulegevu, na ndoana itachomoka.

Chuma: rili zilizochongwa kutoka kwenye bonge la alumini na kutiwa tabaka la kuzuia kutu ni imara kuliko za kumiminwa kwenye kalibu, na ni ghali zaidi. Za kumiminwa zinafaa, mradi zisianguke kwenye jiwe, maana hupasuka badala ya kubonyea. Lamson Liquid na Redington Behemoth ni za kumiminwa, za bei ya chini, na breki zake zinaheshimika. Nenda na sumaku ndogo. Ikinata kwa nguvu kwenye skrubu za mguu wa rili, hicho ni chuma cha kawaida na chumvi itakimaliza haraka.

Mshipi

Hapa ndipo watu wengi huibiwa bila kujua. Mishipi mingi ya flai inayouzwa kwa bei ya kutupa imetengenezwa kwa maji yenye baridi ya Ulaya na Marekani. Kwenye jua la Tanga, ngozi yake hulainika, hunata kwenye pete za fimbo, na hulala chomboni kama tambi iliyoiva. Hapo hakuna fundi wa kuurusha. Kwenye pakiti tafuta maandishi yanayosema umetengenezwa kwa maji ya joto au ya tropiki. Afadhali mshipi mmoja sahihi kuliko mitatu ya bei ya kutupa.

Chagua ulio mzito mbele. Kwa kuvua ukiwa chomboni, unaozama polepole unafaa zaidi kwa sababu unapita chini ya viwimbi na upepo hauupindi. Kwa maji ya kina kifupi bamvua linapojaa, unaoelea.

Soma pia nguvu ya uzi wa ndani. Mishipi mingi ya kawaida ina ratili 30, kama kilo 14. Ukifunga mbele yake nailoni ya ratili 80, samaki akinasa kwenye mwamba kitakachokatika ni mshipi wa flai wenyewe, kitu cha ghali kuliko vyote baada ya rili na fimbo. Mahali dhaifu pawe mwisho wa nailoni daima.

Nyuma ya mshipi wa flai, ambao ni mita 27 hadi 30 tu, panatakiwa mshipi wa akiba wa mita 200 au zaidi. Hapa unaweza kuokoa pesa kihalali: mshipi wa kusuka wa ratili 50 hadi 65, unaouzwa kwa fimbo za kawaida, unafaa. Usishuke chini ya 50. Uzi mwembamba hukata vidole, na hujichimbia ndani ya mizunguko yake. Kwa kuwa uzi wa kusuka huteleza kwenye rili tupu, tanguliza mita tatu za nailoni. Kisha uzungushe ukiwa umekazwa, mwenzako akiubana kwa kitambaa kilicholowa. Ukizungushwa legelege, mbio za kwanza za jodari zitauzamisha ndani, ukwame, ukatike. Rili ikijaa yote, acha nafasi ya nusu sentimita kutoka ukingoni.

Mshipi wa mbele, ule unaounganisha mshipi wa flai na ndoana, ujitengenezee kwa nailoni: mita 1.2 ya ratili 50, sentimita 60 ya ratili 30, sentimita 60 ya ratili 20. Nguru na mzia wana meno ya kukata nailoni papo hapo, hivyo ongeza sentimita 25 za waya wa ratili 40. Kwa kolekole, badala ya waya, weka sentimita 40 za nailoni ya ratili 60 kwa ajili ya mwamba. Ukiwa na ratili 20, yaani kilo 9, weka breki kwenye robo yake, kilo 2 na kidogo. Nguvu ya ziada ongeza kwa kiganja kwenye ukingo wa rili. Kiganja hulegea upesi kuliko kifundo cha kukazia breki.

Fimbo

Mita 2.74, vipande vinne. Vipande vinne vinaingia kwenye basi bila mabishano na kondakta. Kampuni za Echo, Redington na TFO (Temple Fork Outfitters) zina fimbo za bei nafuu zinazostahimili bahari. Tazama kiti cha rili kiwe cha alumini chenye pete mbili za kukaza, na mwisho wa kishikio kuwe na kitako cha kuegemeza tumboni. Pete za chini ziwe pana. Nyembamba hukwamisha fundo.

Iunganishe dukani, itazame kwa jicho moja kama seremala anavyotazama ubao. Kwa ruhusa ya mwenye duka, inua polepole chupa ya maji ya lita moja na nusu, fimbo ikiwa chini ya nyuzi 45. Ikilala hadi kwenye kishikio, haitamnyanyua samaki aliyezama chini ya chombo. Pembe hiyo ya 45 ikumbuke baharini pia: fimbo nyingi huvunjika ncha kwa sababu mvuvi ameisimamisha wima samaki akiwa karibu.

Paka mshumaa kwenye maungio na uyakaze tena kila nusu saa. Ungio lililolegea hupasuka wakati wa kurusha, na kurusha peke yake kunatosha kulilegeza.

Kabla ya safari ya kwanza, pita ofisi ya uvuvi uulize kibali cha uvuvi wa burudani. Sehemu kubwa ya pwani kusini mwa jiji iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa 2009, na ina masharti yake.

Ukirudi, kaza breki hadi mwisho kwanza, ndipo umwagie rili maji yasiyo na chumvi taratibu. Presha ya bomba husukuma chumvi ndani. Toa mita 30 za mshipi, zipitishe kwenye kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Acha vyote vikauke kivulini, wala usirudishe fimbo kwenye mfuko wake ikiwa mbichi. Mwisho legeza breki kabisa kabla ya kuhifadhi, la sivyo sahani zitagandamana na safari ijayo breki itaanza kushika kwa mshtuko uleule ulioukataa dukani.