Mtamba wa nyama, mpapase kiwele kabla hujamlipia

Wafugaji wa Boran na ng'ombe wengine wa nyama, hili wengi tunalipita, mtu akinunua mtamba anaangalia mgongo, nundu na miguu, kiwele hata hakigusi kwa sababu eti sisi hatukamui. Sasa ndama atanyonya wapi jamani?

Mshike chuchu zote nne moja moja, uzipapase kuanzia juu mpaka chini. Ukikuta uzi mgumu katikati, kovu, au chuchu imekatika, huyo hata akizaa hiyo robo, yaani sehemu ya kiwele inayotoa maziwa kwa chuchu hiyo, haitatoa kitu. Huku kwetu mchawi mkubwa ni kupe, hasa wale wakubwa wenye madoadoa na mdomo mrefu, wanang'ata chini ya kiwele, kidonda kinaingia usaha, chuchu inakufa mtamba akiwa bado mdogo na wewe huna habari. Kwa hiyo ukiogesha usiishie mgongoni, pampu ifike kwenye kiwele, mapajani na chini ya mkia.

Akizaa, siku hiyohiyo kamua kila chuchu kidogo tu uone kama inafunguka. Ndama anatakiwa apate dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, mapema, ndani ya saa 6 za kwanza, baada ya hapo utumbo unazidi kufunga na kinga haipiti vizuri. Mwenye robo moja mbovu anaweza kulea, ila mbili mimi simbakishi, nanenepesha nauza. Robo ikiwa ya moto, imevimba au inatoa mabonge, muite daktari wa mifugo siku hiyo, usisubiri mnada uishe.