Msimbazi na chenji, jinsi ya kubeba keshi bila usumbufu

Msimbazi, yaani elfu kumi, ndo noti yetu kubwa Tanzania, nzuri kwa kodi au kununua gunia maana hauhesabu rundo, ila asubuhi kwenye daladala usithubutu kumpa konda, atakununia kituo kizima na chenji utaidai mpaka unashuka. We ivunje jana yake usiku, sheli au supamaketi ndo rahisi, kwa mangi (duka la mtaani) nunua kwanza kitu cha maana sio kiberiti. Halafu jero za sarafu (mia tano, zilianza 2014) na mia mbili weka mfuko wa mbele, noti kubwa mbali kabisa, usifungue waleti yote stendi. Sarafu za hamsini? Peleka gengeni, wanazitafuta wenyewe kurudishia wateja.