Kumkinga mtoto na pombe: anzia kwenye friji yako

Ikitajwa habari ya watoto na pombe, wazazi wengi macho yao hukimbilia baa ya mtaani na marafiki wabaya. Lakini funda la kwanza mara nyingi hutoka karibu zaidi: glasi ya mjomba siku ya kipaimara, povu la bia analolambishwa mtoto wa miaka minne watu wakicheka, au kata ya mbege iliyoachwa nusu uani. Mtoto akifika miaka minane au tisa, ameshajua bia inanukaje na baba huwaje akishakunywa. Huo ndio umri wa kuanza kazi hii. Ukisubiri afike kidato cha tatu umechelewa.

Kuna hoja inayopendwa sana: "Bora aonje nyumbani mbele yangu kuliko kujificha." Haina msingi. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2018, uliowafuatilia vijana zaidi ya 1,900 kwa miaka sita, haukuona kwamba kupewa pombe na mzazi kunamkinga kijana. Waliopewa na wazazi ndio waliokuwa wepesi zaidi kuipata kwa watu wengine pia.

Pombe iliyomo ndani

Usiiweke kwenye mlango wa friji pamoja na maji na maziwa. Tafuta kabati lenye kufuli, na ufunguo ukae na mtu mzima mmoja. Hesabu chupa za kwenye kreti kila Jumapili, na baada ya wageni kuondoka ondoa mabaki usiku huohuo. Glasi zenye vidole viwili vya bia asubuhi ya baada ya sherehe ndizo shule ya kwanza ya watoto wengi.

Vinywaji vikali visivyo na rangi vina mchezo wake: kijana hupunguza, kisha hujazia maji mpaka alama ileile. Kukagua ni rahisi. Mimina kidogo kwenye kikombe cha plastiki, weka kwenye friza usiku kucha. Kinywaji cha asilimia 40 hakigandi kwenye friza ya nyumbani yenye baridi ya kawaida. Ukikuta barafu au chengachenga, kuna aliyeongeza maji. Usiweke chupa yenyewe, kwa sababu iliyotiwa maji ikiganda inaweza kupasuka.

Mtoto ajue pia vipimo, maana chupa ndogo hudanganya. Kichupa cha mililita 250 cha asilimia 40 kina pombe sawa na chupa nne za bia za nusu lita zenye asilimia 5. Kijana wa kilo 45 akikimaliza kwa dakika kumi akishindana na wenzake, hapo tunazungumzia hospitali. Viroba vya plastiki vya pombe kali vilipigwa marufuku Tanzania Machi 2017, lakini vichupa vinavyoingia mfukoni vipo, na kuvimiminia kwenye chupa ya soda au ya maji ya kubebea shuleni ni kazi ya sekunde.

Togwa mbichi haina ugomvi. Iliyokaa siku kadhaa na kuongezewa kimea ni pombe, hata kama bibi bado anaiita togwa.

Usimtume

Hili lingestahili kuwa la kwanza. Mtoto anayetumwa bia kila jioni anajua bei, anajua muuzaji, na muuzaji ameshamzoea. Siku akijinunulia mwenyewe hakuna atakayeshtuka. Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania inakataza kumuuzia pombe mtu wa chini ya miaka 18, na Kenya ina katazo hilohilo katika sheria yake ya vileo ya 2010. Mzazi anayemtuma mtoto anamfundisha muuzaji kuivunja.

Nenda dukani mwenyewe, useme wazi: "Mwanangu akija kununua pombe, hata akisema nimemtuma mimi, usimpe. Nipigie." Waambie hivyo na bodaboda wanaoleta mizigo nyumbani. Muuzaji anayekuheshimu kama mteja atakusikiliza kuliko atakavyosikiliza tangazo la serikali.

Kuzungumza bila kuhubiri

Hotuba ya saa nzima haisaidii. Dakika tano mkiwa njiani au mkichambua mboga zinatosha, na zirudiwe mara nyingi. Kwa mtoto wa darasa la tatu: "Pombe inaumiza mwili ambao bado unakua. Kwetu hanywi mtu kabla ya miaka 18. Akikupa mtu, hata ndugu, kataa kisha uniambie." Kwa wa miaka 14 anza kwa kuuliza: wenzako wanakunywa nini, wanaipata wapi? Ukifoka kwa jibu la kwanza, la pili hutalisikia.

Kanuni iwe sentensi moja, na watu wazima wote wa nyumbani waseme ileile. Baba akikataza na shangazi akiruhusu "kidogo tu", mtoto atamfuata shangazi. Zungumzeni na akina shangazi na wajomba kabla ya sherehe, pembeni, kwa adabu. Kumkemea mjomba mbele ya ukumbi kutaishia kwenye ugomvi wa ukoo.

Mpe na maneno ya kukataa yasiyomwaibisha: "Kesho nina mechi", au "Mama hunipokea mlangoni, atanusa." Kumsingizia mzazi ukali ni ruksa. Kama ana simu, kubalianeni ujumbe wa siri, kwa mfano "Bibi anaendeleaje?" Ukiuona, piga simu umwite nyumbani, uende umchukue, na usimhoji mpaka asubuhi. Ukimhoji garini mara moja tu, ujumbe huo hautatumwa tena.

Mzazi anayekunywa hana sababu ya kujificha, ila aangalie maneno yake. "Leo nimechoka, bia inanihusu" inamfundisha mtoto kwamba pombe ni dawa ya uchovu. Na usiendeshe ukiwa umekunywa huku mtoto yuko kiti cha nyuma.

Mahafali na likizo ya Desemba

Hapa ndipo penye hatari kubwa: mitihani imeisha, wazazi wako kazini au wamesafiri, na mikononi kuna hela ya zawadi. Kabla ya kumruhusu kwenda sherehe, mpigie mzazi mwenye nyumba, usiridhike na maelezo ya mtoto. Uliza ni mtu mzima gani atakuwepo mpaka mwisho, inaisha saa ngapi, nani anawarudisha. Mwambie anywe soda iliyofunguliwa mbele yake, na akiiweka chini akaiacha, achukue nyingine.

Akirudi, uwe macho. Zungumza naye uso kwa uso dakika mbili tatu. Pipi za minti, macho mekundu au kukimbilia chumbani, kila moja peke yake haithibitishi kitu. Yakijirudia pamoja na hela zinazopotea, chunguza.

Akirudi amelewa

Usiku huo ni wa usalama tu, maswali yangoje. Mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, mdomo ukielekea chini kidogo ili matapishi yatoke, na mtu akae naye. Usimtapishe kwa kidole, usimpe kahawa, usimmwagie maji baridi. Hakuna kati ya hayo kinachoondoa pombe kwenye damu, na maji baridi humshusha joto zaidi. Mpeleke hospitali haraka kama haamki ukimtikisa, anapumua chini ya mara nane kwa dakika, anakaa sekunde kumi bila kupumua, ana degedege, au ngozi imekuwa baridi na ya bluu midomoni. Pombe hushusha sukari ya watoto upesi kuliko ya watu wazima, kwa hiyo "aache alale, itaisha" ni kauli ya hatari. Kama alikunywa gongo au chang'aa na kesho yake analalamika haoni vizuri, huenda ni sumu ya methanoli: hospitali, hata kama anaonekana ameshalevuka.

Siku ya pili, akishakula, mwulize alipata wapi, na nani, kiasi gani. Usimpige. Aliyepigwa mara ya kwanza, mara ya pili halali nyumbani, analala kwa rafiki au mtaroni ambako hakuna wa kumgeuza ubavu. Adhabu iwe fupi na inayotekelezeka: wiki mbili bila kutoka, na hela ya matumizi ipitie kwako. Ya miezi sita utachoka wewe kwanza.

Ikijirudia mara ya tatu, au akianza kunywa peke yake, tafuta msaada wa nje. Tanzania namba ya msaada kwa mtoto ni 116, na Kenya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, inapokea simu bure kwa 1192. Akiwa ananywa kila siku na akikosa anatetemeka au kutoka jasho, usimkatishe ghafla nyumbani. Aache chini ya uangalizi wa daktari, kwa sababu kukatisha huko kunaweza kuleta degedege.