Majarida ya zamani kwenye hewa ya chumvi

Kwa mwenye majarida ya zamani hapa Tanga, hasa nyumba za karibu na bahari: anza na pini za katikati. Hewa ya chumvi huzitia kutu, na kutu hula karatasi pale pale kwenye mkunjo. Inua miguu yake kwa kisu butu, zichomoe, kisha shona kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale. Mfuko wa nailoni usiutumie kabisa. Unyevu ukinaswa humo, ukungu hauchelewi.

Ukitaka kuyasomea kwenye simu, piga picha kando ya dirisha, flashi imezimwa, maana karatasi ya kung'aa hurudisha mwanga. Nyuma ya ukurasa weka karatasi nyeusi, maandishi ya upande wa pili yasionekane. Ila usitupe majarida yenyewe: simu huibwa.